Chujio Gani la Mafuta? Uhakiki wa Istilahi za Hewa na Mafuta katika Injini

Maneno manne yaliyoandikwa kwa kalamu ya wino katika fomu ya matengenezo ya gari ndiyo yaliyonisukuma kuandika makala haya. Maneno yenyewe ni haya: badilisha chujio la mafuta. Aliyeyaandika ni fundi wa ofisi moja ya umma wilayani Bagamoyo, ambayo haitatajwa hapa kwa kuwa jambo lililotokea lingeweza kutokea katika ofisi yoyote nchini.

Gari lililohusika ni pikapu ya dizeli. Dereva alikuwa amelalamika kwamba injini huwaka bila taabu na hunguruma sawasawa gari likiwa limesimama, walakini likianza kupanda miinuko ya kuelekea Msata likiwa na mzigo huishiwa nguvu, hukohoa, na mara nyingine huzima. Dalili hizo humwambia fundi mzoefu jambo moja kabla hajafungua hata parafujo moja: dizeli haifiki ya kutosha. Injini isiyo na mzigo huhitaji dizeli kidogo, na kidogo hicho hupenya hata katika chujio lililojaa takataka. Ikitwishwa mzigo huhitaji mara nyingi zaidi, na hapo ndipo chujio lililoziba hujifichua. Fundi wetu, mtu mzima aliyejifunza kazi chini ya mwembe miaka mingi kabla ya kuajiriwa, alilitambua hilo mara moja. Kwa desturi yake angaliandika fyueli filta. Lakini majuma machache kabla ya hapo ulikuwa umetoka waraka wa ndani ukiwataka watumishi wajaze fomu zote kwa Kiswahili sanifu, naye kwa utii akaandika kama tulivyoona.

Fomu ikafika kwa karani wa ununuzi. Karani alijua kwamba injini ina mafuta ya kuilainisha, na kwamba mafuta hayo yana chujio lake, kwa kuwa chujio hilo hununuliwa kila gari linapofanyiwa sevisi. Akanunua hilo, na oili juu yake. Fundi alikuwa likizoni. Msaidizi wake akafunga alicholetewa. Siku kumi baadaye pikapu ile ilizima njiani kabla ya kufika Makurunge, ikiwa imebeba sanduku la chanjo, nami nilikuwamo kama mgeni aliyeomba lifti. Dereva akampigia fundi simu.

"Shikamoo, fundi. Gari limegoma, na chujio la mafuta ni jipya."

"Marahaba, mwanangu. Jipya lipi? La oili au la dizeli?"

Dereva akafunua boneti, akatazama, akanyamaza.

Chujio la dizeli lilipofunguliwa kwa maelekezo ya simu lilitoa maji na tope jeusi kama wino wa pweza. Tukalimwaga, tukalirudisha, tukavuta dizeli kwa pampu ya mkono, tukatoa hewa iliyoingia, na gari likawaka. Ilikwisha kuwa alasiri. Barafu ndani ya sanduku ilikuwa imegeuka maji, na chanjo zile zikarudishwa Bagamoyo bila kumfikia mtoto hata mmoja siku ile.

Yamkini msomaji atasema kwamba kosa ni la karani, ambaye angaliuliza. Mimi sioni hivyo. Karani alisoma maneno sahihi akayapa maana sahihi. Fundi naye aliandika maneno sahihi kwa maana sahihi. Tatizo ni kwamba maana zile ni mbili. Katika Kiswahili mafuta ni ya nazi na ya ufuta, ya kupaka na ya kukaangia, ya taa na ya injini, na tena ni petroli na dizeli. Neno hili limebeba kila kitu kilicho laini, chenye kuteleza au chenye kuwaka, nasi nyumbani hatupotei, kwa sababu aliye jikoni akisema mafuta yamekwisha hakuna atakayekimbilia kituo cha petroli. Chini ya boneti hali ni nyingine. Hapo mafuta ya kuwaka na mafuta ya kulainisha hukaa karibu karibu, kila moja na tangi au bakuli lake, pampu yake, njia yake na chujio lake. Anayesema "gari linakula mafuta" anaweza kuwa analalamikia petroli inayokwisha upesi, ambalo ni jambo la chujio la hewa au la plagi, au anaweza kuwa analalamikia oili inayopungua, ambalo ni jambo la ringi za pistoni na gharama yake ni kubwa mno. Dalili hizi mbili hutofautishwa hata kwa rangi ya moshi: mweusi kwa petroli iliyozidi, wa bluu kwa oili inayoungua. Lugha ya gereji imekwisha kutenganisha mambo haya. Lugha yetu ya waraka ndiyo iliyoyaunganisha upya.

Hapa tunakutana na jambo linalowasumbua watu wa istilahi tangu Baraza lilipoundwa kwa sheria ya mwaka 1967. Sisi hupenda kudhani kwamba neno lenye asili ya Kibantu au lililokaa kwetu muda mrefu ni bora kuliko lililotoholewa jana kutoka Kiingereza. Mara nyingi dhana hiyo hutufikisha pema: vipuri, kwa mfano, ni neno zuri lililokubalika maofisini, ingawa spea bado latamba mitaani. Walakini haifai kuwa kanuni. Filta ya oili na filta ya fyueli ni maneno ya mkopo, ndiyo, lakini kila moja lina kitu chake kimoja. Chujio la mafuta ni letu, nalo lina vitu viwili. Kwa mtu aliyesimama porini na sanduku la chanjo, la kwanza lina faida kuliko la pili.

Sisemi kwamba chujio litupwe. Ni neno la siku nyingi la jikoni, kila mtu alijua, na latufaa sana. Lililo baya ni mwenziwe. Pendekezo langu ni kwamba katika maandishi yote ya magari neno mafuta lisitumike peke yake. Pawe na chujio la petroli, chujio la dizeli na chujio la oili. Na pale inapolazimu neno moja la kujumlisha petroli na dizeli, basi iandikwe mafuta ya kuwaka, hata kama ni refu. Urefu wa maneno mawili zaidi si hasara kubwa ukilinganishwa na bei ya chujio lisilohitajika.

Baada ya safari ile nilianza kukusanya maandishi ya Kiswahili yahusuyo injini. Mengi ni mazuri. Katika Tafsiri Sanifu zilizotolewa na Baraza tangu miaka ya 1970, na katika kamusi ya kiufundi ya Rajmund Ohly ya mwaka 1987, mna juhudi ambayo haistahili kubezwa. Lakini yaliyonishughulisha zaidi ni yale yanayomfikia dereva na mwanafunzi: vijitabu, mabango, maelekezo yaliyofasiriwa. Kimoja kati yake, kijitabu cha kurasa chache kilichofasiriwa kutoka Kiingereza kuhusu matatizo ya hewa na mafuta katika injini, kilipita mikononi mwangu kikiwa kimechakaa, nami nitakihakiki bila ya kumtaja mfasiri wala mchapishaji, kwa kuwa makosa yake ni ya wengi wetu.

Mfasiri yule alijua Kiingereza. Alijua pia Kiswahili, tena kizuri. Upatanisho wake wa ngeli hauna dosari, naye huandika gari hili mahali ambapo gereji nzima husema gari hii. Asichokijua ni injini. Akikutana na istilahi, hufasiri neno badala ya kitu.

Mfano wa kwanza ni mchanganyiko wa hewa na petroli. Injini ya petroli haichomi petroli. Huchoma hewa iliyochanganywa na petroli, na kwa kiasi maalumu: takriban kilo 14.7 za hewa kwa kila kilo 1 ya petroli. Kwa ujazo tofauti ni kubwa zaidi, kwani lita 1 ya petroli huhitaji lita 9,000 hivi za hewa ili iungue sawasawa. Petroli ikizidi kiasi hicho, Waingereza huuita mchanganyiko kwa neno lile lile wamwitalo tajiri. Hewa ikizidi, huuita kwa neno la mtu aliyekonda, na wengine kwa neno la udhaifu. Mfasiri wetu akaandika mchanganyiko tajiri na mchanganyiko maskini.

Nimewasomea mafundi watatu wa barabara ya Bagamoyo maneno haya, mmoja Bunju, mmoja Mapinga, mmoja mjini Bagamoyo kwenyewe. Wa kwanza alicheka. Wa pili na wa tatu, bila kuambiana, walifahamu kwamba mchanganyiko maskini ni petroli mbovu, yaani iliyotiwa mafuta ya taa. Tazama hatari yake. Kijitabu kinamwambia fundi kwamba mchanganyiko maskini huchoma vali na kwamba dalili yake ni plagi yenye ncha nyeupe. Kinamtaka atafute hewa inayoingia pasipotakiwa, au njia ya petroli iliyobana. Yeye anaelewa kwamba aende akamwage tangi. Atamwaga petroli safi, atanunua nyingine, na ufa katika mpira wa hewa utabaki pale pale.

Je, tuseme nini basi? Mimi mwenyewe, kwa kuzaliwa pwani, nilivutwa kwanza na maneno ya jikoni. Tui lina kasimile, ambalo ni la kwanza na zito, kisha lina la pili jepesi. Mchanganyiko mzito na mchanganyiko mwepesi yangalikuwa maneno yanayosikika vema. Lakini gereji imekwisha kuyatumia kwa oili: oili nzito, oili nyepesi. Nikafikiria kukolea, kwa kuwa chumvi hukolea na sukari hukolea. Nilipolitamka mbele ya fundi wa Mapinga, akanikumbusha kwamba moto nao hukolea, na moto uliokolea ni moto mzuri, ilhali petroli ikizidi moto huwa wa moshi na masizi. Neno langu lingalimwambia msomaji kinyume cha maana. Nililiacha kwa masikitiko. Sasa nashauri tuseme wazi kilichozidi: mchanganyiko uliozidi petroli, na mchanganyiko uliozidi hewa. Si maneno ya kupendeza. Ila hayahitaji maelezo, na kila moja hutaja ndani yake jambo la kukagua.

Mfano wa pili ni bomba. Neno hili tulilipata kwa Wareno, ambao kwao ni pampu, kama vile parafujo tulivyolipata kwao. Baada ya karne kadhaa bomba la Kiswahili limekuwa pampu na tena limekuwa mfereji wa chuma au wa plastiki: bomba la maji, bomba la moshi. Kijitabu kinaposema "kagua bomba la mafuta kama linavuja au limedhoofika", msomaji ana haki ya kuuliza mambo manne, kwa sababu bomba lina maana mbili na mafuta yana maana mbili. Mafundi husema pampu na paipu. Mimi ningependa pampu ibaki kwa kile kisukumacho, na bomba lishike njia peke yake, kwa kuwa ndiyo maana iliyoshinda katika matumizi ya leo. Jambo hili ni jepesi, wala sioni sababu ya kulijadili zaidi.

La tatu ni sindano. Magari mengi yaliyotumika Japani ambayo sasa yamejaa barabara ya kutoka Mwenge hadi Bagamoyo hayana kabureta. Petroli yake hupulizwa kwa shinikizo kupitia vitundu vidogo sana, kwa amri ya kompyuta inayopokea habari kutoka kwa sensa ya hewa. Kijitabu chetu, kwa kufuata neno la hospitali, kinaviita vifaa hivyo sindano za mafuta. Bahati mbaya, sindano yenyewe imo ndani ya kabureta tangu zamani: ni kile chuma chembamba kinachochongoka ambacho boya hukisukuma ili kuziba petroli bakuli linapojaa. Ikiliwa au ikikwama kwa uchafu, petroli humwagika, plagi hulowa, na injini haiwaki. Na asidhani mtu kwamba kabureta imekufa. Pikipiki nyingi za bodaboda zinazosubiri abiria Kerege na Zinga zinayo hadi leo. Kwa hiyo kijana anayejifunza ufundi atakutana na sindano mbili zisizo na undugu. Gereji husema nozeli, ambalo nalo si baya. Kama Baraza litataka neno letu, kitenzi puliza kipo, na kipulizi kitatoka humo bila kulazimishwa.

Yapo aliyoyapatia, na haki yake tumpe. Kwa ile nafasi iliyonyonywa hewa, ambayo ndani ya injini ndiyo inayovuta hewa mpya iingie, ametumia ombwe, nami namuunga mkono. Mafundi husema vakyumu. Lakini ombwe ni fupi, halina maana nyingine chini ya boneti, na lakubali kuundiwa maneno: mpira wa ombwe, uvujaji wa ombwe. Upungufu wa kijitabu ni kwamba kimelitumia mara nyingi bila kulieleza hata mara moja. Mwalimu wa chuo cha ufundi atakayelitumia hana budi kwanza amwambie mwanafunzi afunike kwa kiganja mdomo wa mpira huo injini ikiwaka, asikie unavyomng'ang'ania. Akiisha kusikia, neno litakaa. Kisha atamwonyesha mpira uliopasuka kwa joto na umri: hewa hupenya pale bila kupita katika chujio wala mbele ya sensa, kompyuta haijui kwamba imeingia, petroli haiongezwi, na injini hutetemeka ikiwa imetulia. Aghalabu husikika mlio mwembamba kama wa nyoka. Ukilibana lile tundu kwa kidole na mtetemo ukakoma, ugonjwa umeuona.

Hapo hapo pana neno hewa lenyewe. Katika njia ya kuingilia hewa ni rafiki. Katika njia ya dizeli ni adui, kwani pampu haiwezi kusukuma povu, na gari huzima hata kama tangi limejaa. Katika tairi watu hawasemi hewa, husema upepo: jaza upepo. Nimesikia pia "kutoa upepo" kwa injini ya dizeli. Kitabu kikisema toa hewa, fundi akisema toa upepo, hakuna atakayepotea. Si kila tofauti kati ya kitabu na mtaa ni ugonjwa wa kutibiwa.

Nije sasa kwenye neno lililonipa taabu kuliko yote. Injini ikiwaka bila gari kwenda na bila dereva kukanyaga mafuta, mafundi wa Tanzania husema iko kwenye sailensi. Neno lenyewe kwa Kiingereza ni kimya, wala Waingereza hawalitumii hivyo kwa injini. Limepata maana hiyo kwetu. Wao hutumia neno la uvivu, na kijitabu chetu, kwa uaminifu wa kusikitisha, kimeandika kasi ya uvivu. Dereva mmoja alinieleza kwamba alidhani ni gari lisilotaka kwenda mbio.

Je, tuikubali sailensi? Hoja ya kuikubali ni kubwa. Yatumika kila mahali, na imeundwa na watu wenyewe kwa maana yao wenyewe, jambo linaloifanya kuwa ya Kiswahili kuliko inavyoonekana. Hoja ya kuikataa ni ile ile iliyonifikisha Makurunge. Wengine hulitamka sailensa, na sailensa kwa wengine ni lile pipa la kupunguza kelele katika bomba la moshi, ambalo wengi huliita eksozi. Fundi akiandika "tatizo la sailensa", karani mwangalifu ataagiza pipa jipya kwa gari ambalo lilihitaji kusafishwa mlango wa hewa kwa kopo moja la dawa na kitambaa. Herufi moja ya mwisho haitoshi kutenganisha vitu vyenye bei tofauti hivyo.

Kwa silinda inayoshindwa kuwasha zamu yake mafundi husema injini inamisi. Nililipenda neno moja nililolisikia kwa dereva wa daladala pale Zinga, kwamba gari linachechemea. Injini ya silinda nne inayofanya kazi kwa tatu huchechemea kweli, ukiisikiliza. Walakini, likiandikwa katika fomu, msomaji atafikiri ni tairi au springi. Likae katika mazungumzo, ambako ni pambo. Katika fomu tuandike silinda inakosa moto, na ikiwezekana tutaje ni silinda ya ngapi.

Jambo la mwisho limo nje ya boneti. Kwa miaka mingi mafuta ya taa yalitozwa ushuru mdogo kwa kuwa ndiyo yaliyowasha taa za wanyonge, na walanguzi wakaona faida ya kuyachanganya katika petroli na dizeli. Petroli iliyotiwa mafuta ya taa hufanya injini igonge na plagi zishike masizi. Dizeli iliyotiwa hayo huikosesha pampu ulainisho. Mwaka 2011 Serikali iliupandisha ushuru wa mafuta ya taa ili faida hiyo iondoke. Katika msukosuko huo lugha ilipata kitenzi kuchakachua, ambacho hakuna kamati iliyokikaa, na ambacho kufikia uchaguzi mkuu wa 2010 kilikuwa kimetoka katika matangi na kuingia katika masanduku ya kura. Leo chaweza kusemwa kwa maziwa, vyeti na hata hoja. Uchakachuaji ni neno kamili, lina mnyambuliko wote, nalo limetupunguzia kazi.

Tofauti na hilo ni vinasaba. EWURA ilipoanza mwaka 2010 kutia kemikali maalumu katika mafuta yaliyolipiwa kodi ili yatambulikane na yaliyochakachuliwa au ya kupita kwenda nchi jirani, kemikali hizo ziliitwa vinasaba. Neno hilo limetokana na nasaba, yaani ukoo, na katika baiolojia ndilo tunalolitumia kwa vile virithishi vinavyomfanya mtoto afanane na wazazi wake. Petroli haina mzazi wala haizai. Naelewa mvuto wa sitiari: mafuta yanaulizwa asili yake, nayo hujibu. Lakini mwalimu wa sayansi anayefundisha vinasaba asubuhi, kisha mwanafunzi wake akasikia redioni mchana kwamba vinasaba vimewekwa katika dizeli, ana kazi ya ziada ambayo tungaliweza kumwepusha. Alama lilikuwapo. Kitambulisho kilikuwapo. Kulirudisha nyuma neno lililokwisha kuingia katika kanuni na matangazo ni vigumu, nami sidhani litarudi. Nalitaja ili watakaofasiri jambo kama hilo kesho watazame kwanza kama kiti wanachokikalia kina mwenyewe.

Mtu wa pwani hapaswi kuona ajabu kwamba chombo kipya huazima maneno. Gari lilipofika huku halikukuta neno la kile kigeuzacho magurudumu. Watu walioliona walikuwa wamezoea majahazi na mashua, wakaliita usukani, jina la kile kigeuzacho chombo majini, na hakuna dereva leo anayekumbuka bahari akilitamka. Usukani ulifaulu kwa sababu katika gari hakuna usukani wa pili. Kama gari lingalikuwa na tanga na tezi, nadhani tungalikuwa tumekwama.

Narudi kwenye sailensi, ambayo sijaimaliza. Injini iliyo katika hali hiyo mafundi huieleza pia kwa kusema imetulia, nami nimelitumia neno hilo humu mara kadhaa bila, natumaini, kumpoteza msomaji. Kutokana na kitenzi hicho napendekeza mtulio: mtulio wa injini, mtulio wa juu, mtulio wa chini, injini inatetemeka katika mtulio. Nimelijaribu kwa fundi yule wa ofisi ya Bagamoyo. Akasema ni neno zuri, akaniuliza kama lipo katika waraka. Walimu wa ufundi, madereva na wafasiri wa Tanga, Unguja, Mombasa na kwingineko walio na neno jingine linalotumika kwao kwa jambo hili wanaombwa waliandikie Baraza, wakitaja mahali walipolisikia na sentensi nzima iliyosemwa. Fundi mwenyewe, hadi nilipoagana naye, alikuwa anaandika chujio la dizeli, na pembeni yake huchora tangi dogo lenye mfuniko.